Uzi wa Shaba Ndani ya Jeti

Asubuhi ile niliondoka Likoni bila kujua ninakokwenda. Haikuwa mara ya kwanza. Chumba nilichokaa miezi mitano hakikuwa na kosa lolote. Dirisha lilipata upepo, na kazi ya kutengeneza mashine za maboti ilikuwa bado ipo. Lakini nilipoamka nilijikuta naijua kila sauti ya ua ule: nani anafungua bomba, nani anakohoa, mlango upi unakwaruza sakafu. Nikishafika hapo huwa sikai tena. Nilifunga nguo zangu chache, nikazivingirisha spana ndani ya kitambaa, nikampelekea mama mwenye nyumba ufunguo wake. Aliniuliza naelekea wapi, nikamwambia nitajua nikifika. Alinipa mahamri matatu ndani ya kipande cha gazeti, akasema ni bahati ya mtoto wa mtu kwamba sijaoa.

Nilivuka feri pamoja na watu wa kazi. Ng'ambo, gari la kwanza lililokuwa na nafasi lilikuwa la Magongo, basi nikawa nakwenda Magongo.

Nilikuwa nimeshuka, natafuta chai, niliposikia injini ikilia nyuma ya safu ya vibanda. Barabara ile imejaa bodaboda na masikio yangu hayazijali tena, ila hii ilikuwa sauti nyingine, kali na nyembamba, kama mtu anayepiga mluzi huku amekunja ulimi. Ilikuwa injini ya tu-stroki. Nilisahau chai.

Hapa inafaa nieleze kidogo. Bodaboda za kawaida zina oili yake chini ya injini, na petroli inapita njia yake. Tu-stroki haina oili chini. Unaichanganya oili ndani ya petroli yenyewe, na mchanganyiko huo huo unaochomwa ndio unaolainisha pistoni njiani. Mashine nyingi ndogo za maboti ndivyo zilivyo, na hizo ndizo zilizonitoa shule. Nilikuwa kidato cha kwanza, jirani yetu akafungua mashine ya boti barazani kwake, nami nikataka kujua kilichomo mle kuliko kilichoandikwa ubaoni. Nilikaa naye wiki nzima. Sikurudi darasani, na sijapata kujuta, ingawa mamangu alijuta kwa niaba yangu.

Nyuma ya vibanda nilimkuta fundi mmoja Mgiriama, mtu wa makamo, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Bodaboda zilipangwa foleni mbele yake. Yeye alikuwa amechutama kando ya pikipiki ndefu ya matopeni, ile aina yenye magurudumu ya meno na madigadi ya plastiki yaliyonyanyuka juu kama mkia wa kuku. Ilikuwa na taa na namba ya barabarani, lakini ilikuwa mnyama wa porini. Alikuwa akivuta mafuta na kuachia, akivuta na kuachia. Kila alipoachia, mlio haukushuka mara moja. Ulibaki juu, ukining'inia, ndipo ukashuka shingo upande.

Nilisimama nikasikiliza mpaka akachoka nami.

"Bwana, unaitazama kama umeiposa."

"Inalia njaa," nikamwambia.

"Njaa? Jana imekunywa tangi zima."

Waliokuwa wakingoja pikipiki zao walicheka, nami nikacheka. Kisha nikamweleza kwamba mlio unaoning'inia ukiachia mafuta ni dalili ya petroli kuwa kidogo kuliko hewa, na tu-stroki ikikosa petroli imekosa na oili, kwa sababu viwili hivyo vinasafiri pamoja. Alizima injini. Alinitazama mikono kwanza, halafu uso, ndivyo mafundi wanavyosalimiana kweli. Akanisogezea kigoda.

Habari aliyonipa ilikuwa hii. Pikipiki ni ya ustadhi mmoja wa Mishomoroni, kule Kisauni, ambaye asubuhi anafundisha watoto Kurani na Jumapili anavaa buti na kupotelea kwenye njia za mchanga. Aliinunua kwa mtu wa bara aliyekuwa akihama. Tangu ije Pwani ilikuwa imekwama mara mbili, yaani pistoni imepata moto mpaka ikang'ang'ania ukuta wa silinda na injini ikafa papo hapo. Kila ikikwama, silinda huchongwa iwe pana kidogo na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Sasa ukuta ulikuwa umefika mwisho wa kuchongwa. Pistoni iliyokuwa ndani, aliyoitia juzi, ndiyo ya mwisho ya saizi hiyo, na silinda mpya ya pikipiki ile haipatikani huku. Ikikwama mara ya tatu, itauzwa kwa mizani ya chuma chakavu.

Kilichomuuma fundi si chuma. Ustadhi hakuwahi kumlaumu. Mara zote mbili alikuja akaitazama injini iliyokufa, akasema alhamdulillahi hakuumia mtu, akauliza ni lini arudi. Fundi aliniambia angependa zaidi kama angetukanwa.

Nikamwomba anifungulie kabureta.

Ile ilikuwa kabureta nzuri, ya kufikika. Chini ya bakuli lake la petroli kuna nati kubwa. Ukiifungua unaiona jeti kuu bila kuishusha kabureta yote. Jeti ni kijiskrubu cha shaba nyeupe chenye tundu katikati, na upana wa tundu hilo ndio unaoamua injini inywe kiasi gani ukivuta mafuta mpaka mwisho. Niliitoa, nikaiinua kwenye mwanga wa jua. Tundu halikuwa la duara. Mle ndani kulikuwa na nyuzi mbili za waya wa umeme, nyembamba kama unywele, zimekunjwa ncha huku na huku ili zisitoke.

Nikampa aangalie.

"Hizo nimetia mimi," akasema bila haya. "Kila pikipiki unayoiona hapa inayo. Zinapunguza mafuta."

Ni kweli, desturi hiyo niliijua. Watu wa bodaboda hutia uzi wa waya kwenye jeti ili lita moja iwafikishe mbali zaidi, na pikipiki za kawaida huvumilia. Lakini kwenye hii, alinieleza, hakuzitia kwa ajili ya kubana petroli. Alizitia kwa ajili ya moshi. Kwake, na kwa kila mtu kwenye foleni ile, pikipiki inayofuka moshi ni mgonjwa. Ringi zimekwisha, injini inakula oili. Alijivunia kwamba haijapata kutoka pikipiki pale kwake inayofuka. Na huyu ustadhi naye alikuwa amelalamika. Alikuwa akifika msikitini kanzu inanuka moshi, na watu wa safu yake wanakohoa.

Basi fundi alitia uzi wa kwanza, moshi ukapungua, pistoni ikakwama. Akafikiri oili haikutosha, akamwambia ustadhi aongeze maradufu. Oili ikaleta moshi zaidi. Akatia uzi wa pili. Pistoni ikakwama tena.

Nilimwomba makopo mawili na maji. Nikimimina kutoka kopo moja hadi jingine, nikamwonyesha kwa vidole: tundu ni lile lile, halipanuki. Ukiongeza oili ndani ya petroli, kila tone linalopita lina petroli kidogo zaidi kuliko jana. Injini inapata hewa nyingi, petroli kidogo, na moto mwingi. Kwa hiyo ile dawa ya pili ndiyo iliyozidisha ugonjwa. Aliyatazama yale makopo. Baadaye akasema taratibu, kwa lugha ya kwao, neno ambalo sikulielewa lakini sikuhitaji kufasiriwa.

Kulikuwa na jambo la tatu, ambalo si kosa la mtu. Hata bila nyuzi, namba iliyogongwa kwenye jeti ile ilikuwa ndogo, mia na arobaini. Yule mtu wa bara alikuwa ameifungia huko kwao juu, ambako hewa ni nyepesi na petroli kidogo inatosha. Huku chini ufuoni hewa ni nzito, na injini inadai zaidi. Tulihitaji jeti kubwa. Fundi alitaka kuitoboa ile ile kwa sindano ya kuzibulia jiko. Nikakataa, ukitoboa kwa mkono hujui umefika wapi, na kwa pistoni ya mwisho sikutaka kubahatisha. Akaleta kopo la maziwa lililojaa jeti za miaka yote, tukalimwaga juu ya gunia, tukachambua moja moja kama wanawake wanaochambua mchele. Zilizokubali kufungika kwenye kabureta ile zilikuwa tatu tu: mia na sabini, mia na sitini, mia na hamsini na tano. Zilitosha.

Nilimwaga mchanganyiko wote uliokuwa kwenye tangi, tukachanganya mwingine kwa kipimo, sehemu moja ya oili kwa thelathini na mbili za petroli. Nikaiwasha ikapata joto, nikaizima ikapoa, mara tatu, kwa sababu pistoni mpya haipelekwi mbio siku ya kwanza. Wakati ikipoa nilibandika kipande cha plasta nyeupe kwenye mkono wa mafuta, nikachora alama za robo, nusu na robo tatu. Ni njia niliyojitungia mwenyewe. Mwanzo wa kuvuta mafuta unatawaliwa na jeti ndogo, katikati na sindano inayopanda na kushuka ndani ya kabureta, na mwisho na jeti kuu. Bila alama, mtu anasema tu pikipiki "inakataa," na hajui inakataa wapi.

Tulikwenda kujaribu Chaani, kwenye kiwanja kirefu cha udongo mgumu. Nilianza na jeti kubwa kabisa. Fundi alishangaa; yeye angeanza na ndogo. Nikamwambia petroli ikizidi injini inasumbua, inasongwa, unashuka unarekebisha, lakini ikipungua unarudi nyumbani kwa miguu. Na kweli, kwa mia na sabini ilisongwa, ikatoa mlio wa mtu anayesukutua koo, moshi ukafunika kiwanja. Fundi aligeuza uso kama aliyeona mtu uchi.

Nikatia mia na sitini. Nikashusha klipu ya sindano kidato kimoja ili sindano ipande. Gia ya tatu, mkono wote, mara hiyo moja tu kwa ajili ya plagi, mpaka mwisho wa kiwanja, kisha nikazima injini na kubana klachi kwa pamoja, nikaiacha iteleze yenyewe. Ukifanya hivyo, plagi inabaki na rangi ya pale ulipozimia, haidanganyi. Tuliitoa kwa kitambaa, maana ilikuwa moto. Zamani plagi za pikipiki ile, aliniambia fundi, zilikuwa zikitoka nyeupe kama chaki, na yeye alizifurahia kwa usafi. Hii ilikuwa na rangi ya mdalasini. Mkono ukiachia, mlio ulishuka papo hapo, bila kuning'inia. Sijawahi kuona haya kupenda sauti kama ile.

Ila asubuhi ikiwa baridi, na kila ikiwashwa, ingetoa moshi wa samawati kidogo. Nilimwambia fundi kwamba ndivyo inavyopumua. Aliniuliza kama mia na hamsini na tano haitapunguza. Nikasema itapunguza, na sitaitia.

Saa nane alinipeleka kwa mama wa wali na maharage, akala haraka, akatangulia kurudi kibandani. Nilikaa nikamaliza chai yangu. Niliporudi pikipiki ilikuwa imefutwa inang'aa, na fundi akaniomba jambo. Yeye ana foleni ya watu. Je, ningempelekea ustadhi pikipiki yake Mishomoroni? Mimi ndiye ninayeijua sasa. Sikuwa na pa kwenda, nikasema naam. Nilipoiwasha haikutoa moshi wowote. Nikadhani ni joto la mchana.

Hilo lilikuwa kosa langu, na naliandika hapa kama lilivyo. Nilijiamini kiasi kwamba sikuangalia tena.

Kutoka Changamwe hadi Makupa magari yalikuwa mengi, nilikwenda robo ya mkono, sikusikia kitu. Mjini hivyo hivyo. Baada ya Buxton njia ikafunguka, nikavuta mkono kupita nusu kidogo kupanda daraja la Nyali, na injini ikaimba. Iliimba vizuri kupita kiasi. Ilikuwa nyepesi, safi, kali, kama ile sauti ya asubuhi. Nilipoachia mkono nyuma ya lori, mlio ukabaki juu unaning'inia.

Juu ya daraja huwezi kusimama. Nyuma yangu kulikuwa na magari, pembeni hakuna nafasi, na chini yangu pistoni ya mwisho inazidi kupata moto. Nilifanya kitu kimoja tu nilichofundishwa na mashine za baharini: nikavuta choki. Choki inaongeza petroli, na petroli inapooza. Injini ilisongwa, ikaanza kutapika moshi, na mwenye tuktuk aliyekuwa ubavuni mwangu akanipigia kelele kwamba pikipiki yangu inaungua. Nilishukuru kuuona moshi ule. Nikiwa na vidole viwili juu ya klachi, tayari kuibana ikishika, niliteremka ng'ambo, nikaiacha ijivute mpaka Kongowea, nikaizimia kando ya wauza vitunguu.

Nilipanga spana juu ya gunia la vitunguu kwa ruhusa ya mwenyewe, nikafungua nati ya chini. Jeti ilikuwa ile ile ya mia na sitini. Ndani yake mlikuwa na uzi mmoja wa shaba, mpya, umekunjwa vizuri.

Nikampigia fundi simu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Alipopokea nilisema tu nilipo na nilichoshika mkononi.

"Nimetia mmoja tu," akasema. "Zile zilikuwa mbili. Huu ni wa adabu, ndugu yangu. Nitampelekeaje ustadhi pikipiki inafuka?"

Hasira zote zikaniishia kwenye lile neno adabu. Hakuwa mkaidi wala mjinga. Alikuwa anamsitiri mteja aliyemstahi kuliko wote, kwa njia pekee aliyoijua. Nikamwambia nimeutoa. Akaniuliza, sauti imeshuka, kama pistoni imeshika. Nikasema sijui bado, nitajua nikifungua egzosi. Akasema, "Basi mwambie ni mimi."

Nilifika Mishomoroni alasiri, polepole, nikifuka moshi mtaa mzima. Ustadhi alikuwa amesimama langoni, mtu mwembamba wa ndevu zilizochongwa vizuri, kofia ya kiua kichwani. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha kwa Kiswahili cha kwao kabla ya kuuliza mimi ni nani. "Ndoo ndani, mwanangu. Ndia imekupa tabu?" Macho yake lakini yalikuwa kwenye injini.

Nilimweleza yote tukiwa tumesimama uani: tundu, nyuzi, oili, daraja. Nilipofika kwa fundi nilisema kama alivyotaka, kwamba uzi wa leo ameutia yeye, na nikaongeza kwamba niliyeendesha bila kukagua ni mimi. Ustadhi alisikiliza mpaka mwisho.

"Wallahi, sisi wote watatu," akasema. "Mimi nilimwambia sitaki moshi. Sikujua naagiza moto."

Sasa ilibaki kuangalia. Egzosi ya tu-stroki inaingia moja kwa moja kwenye ukuta wa silinda. Ukiitoa, unaiona pistoni kupitia tundu lile. Lakini ilikuwa moto mno kushikwa. Tukangoja. Ustadhi alikwenda kuswali, akarudi na birika la kahawa, akanimiminia, akajimiminia, na vikombe vyetu vikapoa bila kunywewa. Mara moja tu aliweka kiganja juu ya tangi, kama mtu anayepima homa.

Chuma kilipokubali kiganja, nilizifungua springi, nikaivuta egzosi, nikamwomba amulike kwa simu. Kisha nikasukuma kiki ya kuwashia kwa mkono, taratibu, mpaka pistoni ikashuka mbele ya tundu.

Ubavuni kulikuwa na mstari mmoja wa wima, mwembamba, wenye rangi ya kijivu. Niliingiza kidole, nikapitisha ukucha juu yake kwenda na kurudi. Kama mstari ni wa kina, ukucha hukwama. Nikapitisha tena. Haukukwama. Nikamshika ustadhi mkono, nikamwekea kidole chake pale pale ahisi mwenyewe.

"Laini," akasema.

"Laini. Imeguswa tu, haijachimbwa."

Alivuta pumzi, akatamka shukrani zake kwa Mola chini kwa chini, kisha akakaa juu ya ngazi kama mtu aliyebeba gunia kutoka mbali. Nilimweleza kilichobaki: tangi moja zima la kwenda pole, nusu ya mkono asizidishe, kila siku kidogo na kuiacha ipoe, na plagi itazamwe kila jioni, mpaka pistoni na ukuta wazoeane. Alirudia maneno "tangi zima" na "nusu ya mkono" kwa huzuni ya kweli. Akasema hajiamini. Akiwa juu ya kiti kile, mkono wake wa kulia haumsikii.

Ndipo akaniuliza ninalala wapi. Nilipomwambia sijui, hakuonyesha kushangaa wala kunihurumia. Alinyanyuka, akatoa ufunguo mfukoni mwa kanzu, akanifungulia chumba cha uani kilichoachwa wazi na mpangaji aliyehamia Mtwapa. Kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, na msumari mmoja ukutani wa kutundikia nguo. Akasema nikae mpaka tangi liishe. Kuendesha pole iwe kazi yangu, kutazama plagi iwe kazi yetu sote, na yule fundi wa Magongo aje kesho aone kwa macho yake. Alikwisha kumpigia. Kisha akatoka kunitafutia mto.

Nilitundika mfuko kwenye msumari, nikafungua dirisha. Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa akitwanga kitu ndani ya kinu, na mahali fulani mlango wa bati ulikuwa ukifungwa. Sikuijua hata sauti moja.